Kuthamini Nyumba Wakati wa Talaka: Mwongozo Kamili kwa Wanandoa Wanaogawana Mali

Wanandoa wanaoachana wanaweza kuwa wameishi katika nyumba moja kwa miaka 15, wakaujua kila ufa wa ukuta na kila bomba linalovuja, na bado wakatofautiana kuhusu thamani yake kwa kiasi kinachowashangaza hata mawakili wao. Anayetaka kubaki na nyumba huiona kuukuu, yenye paa la kubadilishwa na majirani wenye kelele. Anayeondoka na kusubiri kulipwa fungu lake huiona kama ilivyong'aa siku walipohamia. Si lazima awepo mwongo kati yao. Kila mmoja anajibu swali lake mwenyewe, na ndiyo maana majibu hayafanani.

Mthamini hufanya hesabu, lakini hesabu yake huanza pale anapoambiwa athamini kitu gani, kwa tarehe ipi, kwa maana ipi ya thamani, na nyumba ikichukuliwa kuwa katika hali gani. Wanandoa wakikubaliana juu ya mambo hayo manne kabla mthamini hajavuka kizingiti, ugomvi unaobaki huwa mdogo na wa kitaalamu. Wasipokubaliana, wanaweza kulipia ripoti tatu na wakabaki palepale walipoanzia. Sheria za ndoa na za mgawanyo wa mali hutofautiana sana kutoka nchi hadi nchi, kwa hiyo yanayohusu haki ya kila mmoja yapelekwe kwa wakili wa mahali husika. Kazi ya uthamini yenyewe, hata hivyo, hufuata misingi inayofanana karibu kila mahali, na hiyo ndiyo inayoelezwa hapa.

Je, uthamini unahitajika?

Suala la nyumba humalizwa kwa mojawapo ya njia tatu: mmoja ananunua sehemu ya mwenzake na kubaki na nyumba, nyumba inauzwa kwa mtu wa nje na fedha zinagawanywa, au wote wawili wanaendelea kuimiliki kwa muda, mara nyingi hadi watoto wakue. Njia ya kwanza haiwezekani bila uthamini wa kuaminika, kwa sababu hakuna mnunuzi wa nje wa kutaja bei. Katika njia ya pili soko lenyewe litatoa jibu, na ikiwa nyumba inauzwa mara moja, ripoti kamili inaweza kuwa gharama isiyo na faida. Makadirio ya madalali wawili au watatu yanatosha kupanga bei ya kuanzia. Hali inabadilika pale ambapo mauzo yatachelewa lakini mali nyingine, kama vile biashara au mafao ya uzeeni, zinagawanywa sasa, kwa kuwa mgawanyo wa jumla hauwezi kufanyika bila tarakimu ya nyumba.

Njia ya tatu ndiyo inayosahaulika. Thamani ya leo haina uzito mkubwa ikiwa fedha zitagawanywa baada ya miaka 8. Kinachohitajika ni kanuni iliyoandikwa ya kuthamini wakati huo utakapofika. Makubaliano yaseme nani atamteua mthamini, nani atamlipa, na ongezeko la thamani litokanalo na maboresho yatakayofanywa na anayeishi humo litahesabiwa kuwa la nani.

Hatua ya 1: Kujua mnachokimiliki

Kabla ya kumtafuta mthamini, kusanyeni hati ya umiliki, mkataba wa mkopo, ramani ya kiwanja, michoro ya jengo, vibali vya ujenzi na mikataba ya wapangaji kama wapo. Angalieni majina yaliyomo, mipaka, na kama ardhi ni ya kumilikiwa moja kwa moja au ni ya kukodishwa kwa miaka maalumu, kwa sababu muda uliobaki unapopungua sana, thamani nayo hushuka. Sehemu iliyoongezwa bila kibali isifichwe: mnunuzi makini ataigundua, na mthamini atakayeihesabu bila kuambiwa atakuwa ametoa ripoti inayoweza kupingwa.

Kuhusu deni, msitumie salio lililoandikwa kwenye taarifa ya mwezi. Mwombeni mkopeshaji barua inayotaja kiasi kamili cha kuumaliza mkopo kwa tarehe maalumu, ikiwa ni pamoja na riba hadi siku hiyo na adhabu ya kulipa kabla ya wakati kama ipo.

Kuna pia nyumba iliyojengwa juu ya ardhi ya mzazi au ndugu wa mmoja wa wanandoa. Hapo mthamini asiulizwe "nyumba hii ni shilingi ngapi" mpaka wakili ameeleza wanandoa wanamiliki nini hasa: jengo pamoja na ardhi, jengo peke yake, au dai la kurudishiwa walichotumia. Kila jibu lina uthamini wake, na kuanza na tarakimu kabla ya jibu hilo ni kupoteza ada.

Hatua ya 2: Kukubaliana juu ya swali

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko popote katika mchakato wote, na ndipo watu wanapopita haraka. Katika mifano inayofuata tarakimu hazina sarafu. Msomaji achukue kila moja kuwa fungu lolote la fedha.

Jambo la kwanza ni tarehe. Nyumba inaweza kuthaminiwa kwa siku ya kutengana, siku ya kufungua shauri, siku ya kusikilizwa, au siku ambayo umiliki utahamishwa. Kuna sheria zinazotaja tarehe moja, na nyingine humwachia hakimu aamue. Tuseme nyumba ilikuwa na thamani ya 200 siku ya kutengana na 230 siku ya kusikilizwa, na mgawanyo ni nusu kwa nusu. Anayelipwa anapata tofauti ya 15 kwa kubadili tarehe tu, bila mtu yeyote kukosea hesabu. Ndiyo maana wathamini wawili waaminifu wanaweza kuleta ripoti zinazopishana sana: mmoja ameambiwa tarehe hii, mwingine ameambiwa ile.

Mthamini anaweza kuthamini kwa tarehe iliyopita, akitumia mauzo yaliyofanyika karibu na siku hiyo na yale ambayo soko lilikuwa linayajua wakati huo. Hapaswi kuingiza yaliyojulikana baadaye, kwa mfano kwamba barabara mpya ilikuja kujengwa jirani. Udhaifu wa uthamini wa namna hii ni hali ya jengo, kwa kuwa haoni tena nyumba kama ilivyokuwa. Picha zenye tarehe, risiti za mafundi na mawasiliano ya zamani kuhusu matengenezo ndiyo macho yake.

Jambo la pili ni aina ya thamani. Msingi wa kawaida katika talaka ni thamani ya soko. Viwango vya Kimataifa vya Uthamini huieleza kuwa kiasi kinachokadiriwa ambacho mali ingebadilishana nacho katika tarehe ya uthamini, kati ya mnunuzi na muuzaji walio tayari na wasio na uhusiano, baada ya mali kutangazwa ipasavyo, kila mmoja akitenda kwa ufahamu, kwa uangalifu na bila kushurutishwa. Kila kipande cha maelezo hayo kina kazi katika talaka. Maneno "bila kushurutishwa" yana maana kwamba msukosuko wa ndoa hauhesabiwi: mthamini anamfikiria muuzaji asiye na haraka, hata kama muuzaji halisi anataka kuondoka kesho. Maneno "baada ya kutangazwa ipasavyo" yanakataa bei ya mtu wa kwanza aliyepita na kuuliza.

Thamani nyingine zitaletwa mezani, na kila moja inafaa kutambuliwa kwa jina lake. Thamani ya mauzo ya haraka, ambayo wakopeshaji huipenda kwa kuwa wanafikiria siku ya kunadi, huwa chini ya ile ya soko, na mara nyingi huletwa na anayetaka kulipa kidogo. Thamani ya bima hueleza gharama ya kujenga upya jengo lililoungua. Haihusishi ardhi, na inaweza kuwa juu au chini ya bei ya soko. Thamani inayotumiwa kutoza kodi ya majengo mara nyingi hutokana na zoezi la kuthamini nyumba nyingi kwa mpigo, pengine bila mtu kuingia ndani, na inaweza kuwa ya miaka mingi iliyopita.

Jambo la tatu ni hali ya nyumba. Ithaminiwe kama ilivyo leo, au kama itakavyokuwa baada ya ukarabati? Ichukuliwe kuwa wazi, au ikiwa na mpangaji ambaye mkataba wake una miaka 2 zaidi? Pale mmoja wa wanandoa anapoishi humo, kawaida huchukuliwa kwamba mnunuzi angekabidhiwa nyumba ikiwa wazi, lakini dhana hiyo iandikwe. Nyumba ambayo haijakamilika ina mtego wake. Watu huchukua thamani ya nyumba iliyokamilika, wakatoa gharama za kazi iliyobaki, wakaamini wamepata jibu. Mnunuzi wa jengo lisilokwisha hutaka pia fidia ya usumbufu, ya hatari ya gharama kupanda na ya muda atakaosubiri, kwa hiyo thamani ya soko huwa chini ya tofauti hiyo.

Jambo la nne linaonekana dogo: kinachothaminiwa ni nyumba nzima, kisha mgawanyo ufuate. Mthamini akiulizwa thamani ya nusu isiyogawanyika ya nyumba, anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba mtu wa nje hawezi kulipia nusu kamili ya bei, kwa sababu hakuna anayependa kumiliki nyumba pamoja na mtu asiyemfahamu. Punguzo hilo lina maana sokoni. Likitumika kati ya wanandoa, anayebaki anapata nyumba nzima kwa bei ya chini.

Hatua ya 3: Kumpata mthamini

Mnaweza kumteua mthamini mmoja wa pamoja, au kila mmoja akaleta wake. Binafsi ninaona mthamini wa pamoja ndiye chaguo la busara katika ndoa nyingi zenye nyumba ya kawaida: ada ni moja, ukaguzi ni mmoja, na hakuna anayejiona wakili wa upande wake. Wawili wanafaa pale nyumba inapokuwa ya pekee, kwa mfano yenye shamba kubwa au sehemu ya biashara ndani yake, au pale imani kati ya wahusika imekwisha kabisa.

Awe na usajili au leseni ya taaluma pale sheria inapotaka, awe anafanya kazi katika eneo hilo na kwa aina hiyo ya nyumba, awe na bima ya taaluma, na awe tayari kutetea ripoti yake mahakamani chini ya kiapo. Aulizwe waziwazi kama amewahi kufanya kazi kwa mmoja wenu, kwa ndugu zenu au kwa benki yenu. Ada yake iwe kiasi kinachojulikana mapema. Mthamini anayetaka asilimia ya thamani atakayoitaja ana sababu ya kuipandisha.

Dalali si mbadala. Anajua soko, na mara nyingi analijua vizuri kuliko mtu yeyote, lakini anachotaja ni bei ya kutangazia, na ana haja ya kupata kazi ya kuuza. Programu za intaneti zinazokadiria bei husaidia kuona kama tarakimu fulani imepotoka sana, ila hazijaona unyevu ulioko nyuma ya kabati. Ripoti iliyotayarishwa kwa ajili ya mkopo iliandikwa ili kumlinda mkopeshaji, na kuitumia kwa mgawanyo ni sawa na kuvaa kiatu kilichopimwa mguu wa mtu mwingine.

Hatua ya 4: Barua ya maagizo

Barua hii ndiyo inayogeuza makubaliano ya hatua ya 2 kuwa kazi. Isainiwe na wote wawili au mawakili wao, na kila mawasiliano baada yake yaende kwa pande zote kwa wakati mmoja, maana simu moja ya faragha kwa mthamini inatosha kuitia doa ripoti nzima. Inaweza kuandikwa hivi:

"Sisi sote wawili tunakuomba uthamini nyumba iliyotajwa hapo juu, pamoja na kiwanja chake chote, kwa ajili ya mgawanyo wa mali ya ndoa. Tunahitaji thamani ya soko ya umiliki wote kwa tarehe tuliyoitaja, nyumba ikichukuliwa kuwa wazi na katika hali utakayoikuta. Tafadhali orodhesha mauzo uliyolinganisha, tarehe na bei zake, na sababu ya kila marekebisho. Samani na vyombo vinavyohamishika visihesabiwe. Ukihitaji kudhania jambo lolote, litaje wazi katika ripoti. Maswali yako yote yatumwe kwetu sote kwa pamoja. Ada tutalipa nusu kwa nusu, na ripoti itolewe kwetu siku moja."

Ongezeni vitu vyenye utata, kila kimoja kwa jina lake: mitambo ya umeme wa jua, tangi la maji, kibanda cha nyuma, makabati yaliyofungwa ukutani. Kilichoshikamana na jengo kwa kawaida huhesabiwa sehemu ya nyumba, lakini mabishano mengi ya mwisho wa kazi hutokana na kitu cha aina hii ambacho hakuna aliyekitaja mwanzoni.

Hatua ya 5: Siku ya ukaguzi

Mthamini atapima, atapiga picha, atatazama paa, kuta, sakafu, mifumo ya maji na umeme, kisha atatembea mtaani. Vyombo visivyooshwa havimshtui, na rangi mpya iliyopakwa jana haimdanganyi. Asiyeishi tena katika nyumba hiyo ana haki ya kutaka ukaguzi ufanyike kikamilifu, na anayeishi humo asifunge chumba chochote. Wote mnaweza kuwepo, lakini pasiwe na malumbano mbele yake. Palipo na historia ya ukatili au amri ya mahakama ya kutokaribiana, mmoja awakilishwe na wakili au mtu mwingine, na muda wa ukaguzi upangwe kupitia mawakili.

Kasoro inayojulikana ielezwe kwa maandishi, ikiambatanishwa na makadirio ya fundi. Hili linamfaa hata anayetaka thamani kubwa: mthamini anayeona ufa bila maelezo anaweza kudhani tatizo la msingi, kumbe ni lipu tu.

Hatua ya 6: Kuisoma ripoti

Watu hufungua ukurasa wenye tarakimu na kuacha mingine. Anzeni na ule unaotaja maagizo: tarehe, aina ya thamani, hali iliyodhaniwa. Kama haulingani na barua yenu, tarakimu haina maana hata ikiwapendeza. Kisha linganisheni ukubwa wa jengo, idadi ya vyumba, ukubwa wa kiwanja na mwaka wa ujenzi na hati mlizonazo. Kosa la kipimo ni la kawaida kuliko kosa la kitaalamu, na ni rahisi zaidi kulirekebisha.

Baada ya hapo, njia iliyotumika. Kwa nyumba ya kuishi njia kuu ni kulinganisha na nyumba zilizouzwa karibuni. Marekebisho hufanywa kwa bei ya nyumba iliyouzwa, wala hayafanywi kwa nyumba yenu, na mwelekeo wake huwachanganya wengi: kilicho bora katika nyumba iliyouzwa hupunguza bei yake, kilicho duni huiongeza. Tuseme nyumba ya jirani iliuzwa kwa 210 miezi 6 iliyopita. Ina bafu moja zaidi, basi inatolewa 8. Iko kando ya barabara yenye kelele ilhali yenu haiko, basi inaongezwa 5. Bei za eneo zimepanda kidogo tangu wakati huo, basi inaongezwa 4. Inakuwa 211, na hicho ndicho kidokezo chake kuhusu nyumba yenu. Mthamini hufanya hivyo kwa nyumba kadhaa, kisha hutoa uzito mkubwa kwa zile zilizohitaji marekebisho machache.

Maswali ya kuuliza hapa ni ya moja kwa moja. Je, bei zilizotumika ni za mauzo yaliyokamilika, au ni bei zilizotangazwa tu? Mauzo hayo yako karibu kiasi gani, kwa umbali na kwa muda? Kuna miongoni mwao uuzaji kati ya ndugu, au mnada wa kulipa deni? Kwa nini nyumba fulani, ambayo nyote mnaijua iliuzwa mtaani hivi karibuni, haimo? Marekebisho makubwa kuelekea upande mmoja katika kila ulinganisho yanastahili maelezo.

Mauzo yanapokuwa machache, au nyumba ikiwa ya aina ya pekee, mthamini anaweza kutumia gharama: thamani ya ardhi, kuongeza gharama ya kujenga jengo kama hilo leo, kutoa uchakavu. Uchakavu huo ni makadirio, na ndipo pa kuuliza. Nyumba ya kupangisha inaweza kuthaminiwa kwa mapato yake. Pango la mwaka baada ya kutoa gharama likiwa 12, na wawekezaji wa eneo hilo wakitarajia mapato ya asilimia 6, thamani ni 200. Wakitarajia asilimia 5, thamani ni 240. Badiliko la asilimia 1 limeongeza 40, kwa hiyo ombeni ushahidi wa kiwango hicho kabla ya kubishania pango.

Jambo moja huumiza wenye nyumba kuliko mengine: fedha zilizotumika kwenye ukarabati hazirudi zote katika thamani. Jiko lililogharimu 20 linaweza kuongeza 10, au lisiongeze kitu ikiwa wanunuzi wa mtaa huo wangelibomoa. Aliyelipia ukarabati huo anaweza kuwa na hoja kuhusu mchango wake katika mali ya ndoa, na hoja hiyo aipeleke kwa wakili. Mthamini hana nafasi ya kuiingiza.

Hatua ya 7: Mkitofautiana na ripoti

Anzeni na maswali ya maandishi kwa mthamini, yakitanguliwa na makosa ya ukweli: vipimo, tarehe, chumba kilichosahaulika. Mthamini makini hurekebisha kosa la aina hiyo bila kujitetea. Hoja za kitaalamu zifuate, na malalamiko ya jumla kwamba "ni ndogo mno" yaachwe.

Mkiwa na ripoti mbili, ziwekeni kandokando na mwandike mstari kwa mstari: tarehe, aina ya thamani, ukubwa, nyumba zilizolinganishwa, marekebisho makubwa. Mara nyingi pengo lote hutokana na mistari miwili au mitatu. Wathamini wenyewe wanaweza kuombwa wakutane na kuandika waraka mfupi wa yale wanayokubaliana, yale wanayotofautiana, na sababu. Ikumbukwe kwamba mtaalamu anayetoa ushahidi ana wajibu kwa mahakama kwanza, hata kama analipwa na upande mmoja.

Kugawanya tofauti katikati kunavutia kwa wepesi wake. Ripoti moja ikisema 200 na nyingine 260, wengi huandika 230 na kwenda nyumbani. Ikiwa ripoti ya pili ilikosea ukubwa wa jengo, wastani umehifadhi nusu ya kosa. Na pande zote zikijua mapema kwamba wastani ndio utakaotumika, kila moja ina sababu ya kutafuta tarakimu iliyo mbali zaidi. Wastani unafaa pale tu tofauti ni ndogo na kila ripoti imekaguliwa.

Mthamini wa tatu anaweza kuteuliwa, mradi mkubaliane kabla hajaanza kama jibu lake litawafunga wote. Kuna pia njia isiyohitaji mtaalamu: mmoja anataja bei ya nyumba nzima, mwingine anachagua kununua au kuuza kwa bei hiyo. Anayetaja analazimika kuwa mkweli, kwa kuwa hajui atakuwa upande gani. Njia hiyo ni ya haki ikiwa wote wawili wana uwezo wa kununua. Mmoja akiwa hana, mwenye fedha atataja bei ya chini akijua mwenzake hawezi kuichukua.

Hatua ya 8: Kutoka thamani hadi malipo

Thamani ya 240 haina maana kwamba kila mmoja anapata 120. Toeni kiasi cha kuumaliza mkopo, tuseme 90, inabaki 150. Kwa mgawanyo wa nusu kwa nusu, anayebaki anamlipa mwenzake 75 na kubeba deni lote. Marekebisho mengine hufuata kadiri sheria inavyoruhusu: marejesho ya mkopo yaliyolipwa na mmoja tangu kutengana, kodi, na mali nyingine ambazo mmoja ameziacha ili kupata nyumba.

Anayebaki anaweza kudai gharama za kuuza, kama vile ujira wa dalali na ada za wakili, zitolewe kwanza. Nyumba ikiuzwa kweli, dai hilo ni sahihi. Isipouzwa, gharama hizo hazipo bado na huenda zisitokee kwa miaka mingi. Mkikubali kuzitoa, iwe kwa kujua kwamba mnazigawana kabla hazijatokea.

Anayebaki akihitaji mkopo mpya wa kumlipa mwenzake, mkopeshaji atataka uthamini wake, na unaweza kuwa chini ya ule mliokubaliana. Uliza kiasi atakachokopesha kabla ya kusaini mgawanyo. Ripoti pia huzeeka. Makubaliano yaseme kwamba malipo yasipokamilika ndani ya muda fulani, kwa mfano miezi 6, mthamini yuleyule ataifanya upya kwa maagizo yaleyale, na yaseme nani atakayelipia ikiwa ucheleweshaji umesababishwa na mmoja.

Mwisho ni majina. Hukumu ya talaka huwafunga wanandoa, lakini haimfungi mkopeshaji ambaye hakuwa sehemu ya shauri, hivyo anayeondoka anaendelea kudaiwa mpaka mkopeshaji amwachilie kwa maandishi au mkopo ulipwe. Barua hiyo ya kuachiliwa, malipo ya fungu lake na saini yake ya kuhamisha umiliki vipangwe kufanyika siku moja mbele ya wakili. Anayebaki aihifadhi ripoti ya uthamini pamoja na hati mpya, kwa sababu siku atakapoiuza nyumba hiyo, mamlaka ya kodi inaweza kumtaka aonyeshe thamani yake ilikuwa kiasi gani alipoipokea peke yake.